Dirisha Lililofunguka Chumbani

Kabla ugonjwa haujamlaza, Fundi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake wote kwenye kiwanda cha uchapaji: hakutengeneza kitu bila kukueleza kinavyofanya kazi. Unamwendea mbio kumwambia kwamba kompyuta imegoma na kitabu kinasubiriwa, yeye anakuvutia kiti, anachukua karatasi, anaanza kuchora visanduku na mishale. Watu wakajifunza kumkwepa. Aliyebaki kukaa kwenye kile kiti ni mwanamke mmoja tu, mpangaji wa kurasa za vitabu vya shule, ambaye kwa kazi hiyo wote walimwita Kurasa. Alikaa hapo kwa muda mrefu kiasi kwamba mwishowe wakaoana. Kiwandani walisema Kurasa ameolewa na maelezo.

Somo alilolipenda Fundi kuliko yote lilihusu programu yake ya kuandikia. Ilikuwa ya kizamani, ngumu kama kiatu kipya, na hakutaka kusikia habari ya nyingine. Programu hiyo ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni seva, ambayo huwashwa mara moja ikakaa kimya ndani ya mashine, imeshika mafaili yote. Upande wa pili ni mteja. Mteja ni kitu kidogo, hakina uso wala mikono. Kazi yake ni kubisha hodi kwa seva na kusema, nifungulie faili fulani kwenye skrini fulani. Seva ndiyo inayochora dirisha, na inalichora pale ilipoambiwa, hata kama aliyeomba yuko upande wa pili wa mji.

"Na mteja asiposema skrini ipi?" Kurasa aliwahi kuuliza, zaidi kwa sababu alipenda kumwona akijibu.

"Hapo ndipo watu wanapoumbuka. Asiposema, anachukua skrini iliyoandikwa kwenye kikao alichomo, yaani ile zamu ya kazi uliyoifungua ulipoingia kwenye mashine. Kikao kikiwa cha jana, skrini nayo ni ya jana. Wewe umekaa hapa unasubiri dirisha, kumbe limefunguka kwa jirani, naye anakusomea siri zako."

Walicheka sana siku hiyo. Walikuwa wazima wote wawili, na hawakuwa na siri yoyote ya maana.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Fundi akawa anaangusha bisibisi, akasingizia mafuta. Kisha ukapanda mikononi, ukashuka miguuni, ukamfunga ulimi. Akili haukuigusa, na huo ndio ukatili wake: ulimwacha mtu mzima ndani ya mwili uliokwisha. Alipoona anakoelekea, Fundi alijitengenezea mdomo mwingine wakati bado ana mkono mmoja wa kufanyia kazi. Seva aliiweka kwenye kabati la sebuleni, juu ya betri, ili umeme ukikatika isizimike. Chumbani, mbele ya kitanda, alifunga skrini kubwa yenye kompyuta ndogo mgongoni. Shavuni alibandikwa kitufe. Herufi zilipita kwenye skrini moja baada ya nyingine, na ikifika anayoitaka, anakaza shavu. Sentensi fupi ilichukua muda wa kufua shati. Lakini ilikuwa sentensi yake, na bado aliweza kutania. Siku moja mama yake, ambaye alihamia kwao kusaidia kuuguza, alimpangusa uso kwa nguvu mno, naye akaandika, "Mama, hii si sufuria."

Onyo lilikuwa moja, na aliliandika kwa herufi kubwa akaomba libandikwe ukutani: skrini isizimwe ghafla. Dirisha likikatwa bila kufungwa, seva ya kabatini nayo inaanguka, na kila ambacho hakijahifadhiwa kinapotea. Kule kuhifadhi kwa kujiendesha alikuwa amekuzima tangu ujana wake. Alisema programu isiyomwamini mwandishi haifai kukaa nyumba moja naye. Kiburi cha kazi hicho, na mafundi wazuri wanacho wote.

Kisha kulikuwa na ahadi. Fundi aliiomba mapema, akiwa bado anatamka maneno mawili matatu kwa taabu. Alijua siku itafika kifua kitashindwa kuvuta hewa, na alijua madaktari watasema nini: watoboe koo, waingize bomba, wamfunge kwenye mashine ya kupumulia, aishi hivyo miaka. Hakutaka. Alimwambia mkewe, "Siku hiyo mniache niende." Kurasa alimshika mkono uliokuwa tayari hauna nguvu ya kumshika yeye, akasema sawa. Aliitikia kwa moyo wake wote. Siku yenyewe ilikuwa mbali bado, na mtu akiwa mbali na moto huona kuukanyaga si kazi.

Siku ikakaribia. Fundi akaanza kuamka midomo ikiwa ya bluu, akihema kama aliyepanda ngazi. Daktari akasema bila bomba ni suala la majuma. Na Kurasa, aliyeahidi, akagundua kwamba hawezi. Hapakuwa na hoja yoyote ya maana nyuma yake. Hakuweza tu. Alikuwa akisimama jikoni akijaribu kufikiria ile nyumba bila mumewe, bila hata yale macho yanayomfuata kutoka kitandani, na kila mara anaishia njiani.

Kaka mkubwa wa Fundi, anayeishi mji mwingine, ndiye aliyempa pa kuegemea. Shemeji alikuwa mtu wa kukata shauri kwa niaba ya wengine, na kwa kweli alikuwa akimpenda mdogo wake. "Mgonjwa hajui analotaka," alisema. "Atobolewe kwanza, hasira ataleta baadaye akiwa hai." Mama mtu naye alilia mpaka akakubaliana nao. Kwa hiyo wakapanga. Fundi angeambiwa anakwenda kusafishwa kifua, jambo alilokwisha kufanyiwa mara kadhaa. Daktari alipouliza mgonjwa mwenyewe anasemaje, Kurasa alimtazama usoni akajibu, "Amekubali." Akatia sahihi. Ilikuwa iwe Alhamisi.

Mipango yenyewe waliiandikia wapi? Hapa ndipo unapotamani kumshika mtu mabega umtikise. Nyumbani Kurasa hakuweza kuongea na shemeji yake kwa simu, kwa sababu masikio ya Fundi yalibaki makali kama ya paka. Ofisini alizungukwa na watu. Shemeji naye aliwahi kufunguliwa na Fundi njia ya kuingia kwenye seva ya nyumbani, enzi zile ili waandikiane habari za ukoo. Basi wakafungua faili humo humo, wakaliita Alhamisi, wakawa wanajibizana ndani yake. Walimficha mtu jambo ndani ya mashine aliyoijenga kwa mkono wake, na walijiona wajanja, kwa kuwa Fundi hakuwa mtu wa kuchungulia faili la mwingine.

Jumatano asubuhi kishale cha kwenye skrini ya Fundi kilikwama. Kurasa, akiwa amekwisha kuvaa nguo za kazini, aliinama kwenye kibodi ya pale chumbani, akafungua kikao, akarekebisha, akambusu mumewe kwenye paji la uso akaondoka. Kikao hakukifunga. Vikao vya namna hiyo hubaki hai hata ukiviacha, na unaweza kuvirudia kutoka popote. Fundi mwenyewe alimzoesha hivyo: kikao kikiwa hai, usifungue kingine, utajaza mashine takataka.

Ofisini siku hiyo kulikuwa na kitabu cha sayansi kilichotakiwa kwenda mitamboni, na mhariri alikuwa akipita nyuma ya viti vya watu kama askari wa zamu. Kurasa alipanga kurasa za mfumo wa upumuaji. Aliweka mchoro wa mapafu, akausogeza, akaandika maelezo yake chini, na hakujiruhusu kufikiri. Mhariri alipoingia ofisini mwake, Kurasa aliunganisha na mashine ya nyumbani, akakirudia kile kikao cha asubuhi, akamwamuru mteja afungue faili la Alhamisi. Alitaka kuona kama shemeji amethibitisha saa ya gari.

Mteja akajibu kwa neno moja: Inasubiri.

Dirisha halikuja. Kurasa alidhani mtandao umelegea, akarudi kwenye mapafu yake. Baadaye akatazama tena. Inasubiri. Akatoa amri ile ile mara ya pili, akaona neno lile lile, akasonya. Mteja wa namna hii husubiri aliyefunguliwa dirisha asome, aandike, kisha abonyeze kwamba amemaliza. Asipobonyeza, hasogei. Kwa hiyo neno lile lilikuwa na maana yake, na Kurasa aliijua vizuri sana, ila haikumjia hapo hapo. Ilimjia alipokuwa amenyoosha mkono kuchukua kikombe. Dirisha limefunguka. Mahali fulani limefunguka, na mteja anamsubiri mtu aliye mbele yake.

Alikiuliza kikao skrini yake ni ipi. Jibu lilikuja haraka, kwa sababu mtandao haukuwa na tatizo lolote. Kikao kilijibu: chumbani.

Akakwapua simu akampigia mama mkwe wake.

"Mama, uko wapi?"

"Nipo chumbani kwenu, nakunja nguo. Mbona unahema hivyo?"

"Fundi anafanya nini?"

"Anasoma. Ule uandishi wake umefunikwa na mwingine, umejaa skrini nzima. Nikajua ni wewe umemtumia."

"Amesoma sana?"

"Ana muda. Anasogeza, anasoma, anasogeza. Mimi mambo yenu hayo napita mbali. Ila macho yanamtoka machozi. Nilidhani mwanga unamuumiza, nikamfuta. Yanatoka tena."

Kurasa aliliona faili lote mbele yake bila kulifungua. Aliiona sentensi ya shemeji, kwamba hasira za mgonjwa ni za siku mbili, atazoea. Aliiona na ya kwake, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile: "Daktari nimemwambia amekubali. Tusimwambie chochote mpaka aamke na bomba." Aliiandika akila mkate, asubuhi moja kabla mhariri hajafika. Na kwenye skrini ya Fundi herufi zilikuwa kubwa, ili asipate taabu kusoma.

"Mwanangu, upo?" mama mkwe akauliza. "Sasa shavu linacheza. Anaandika."

Ilikuwa imebaki nafasi ya kufanya la haki. Hakuhitaji hata kusema kitu; angekaa tu, amsubiri mumewe amalize sentensi, kisha asome na kutii au kubisha, kama watu waliooana. Lakini Kurasa alijua atakachosoma. Fundi akisema hapana kwa maneno yake mwenyewe, yeye hataweza tena kumtazama daktari usoni. Uongo wake ulisimama juu ya kitu kimoja tu, kwamba Fundi hajaulizwa, na ambaye hajaulizwa hajakataa.

"Mama," akasema, "chomoa waya wa skrini."

"Waya? Si ndio huo amekataza? Imeandikwa ukutani hapa."

"Najua ilivyoandikwa. Chomoa."

"Basi ngoja amalize. Anaandika, mwanangu, siwezi kumkata kauli."

"Akimaliza, kesho hakuna hospitali. Mama, unanielewa? Hakuna bomba, hakuna chochote. Tutamzika."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Kurasa alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, akamsikia yule mama akisema kwa sauti ya chini, si kwake, "Nisamehe, baba." Kisha pale mbele yake neno Inasubiri likapotea. Mahali pake pakatokea mstari unaosema seva haipatikani.

"Kurasa," mhariri aliita akiwa mlangoni, "mapafu yamefikia wapi?"

"Yamekwisha," akajibu.

Jioni alimkuta Fundi ameelekezwa dari, na macho yake yako huko huko. Kurasa aliiwasha seva upya, akafungua dirisha jipya, safi, kwenye skrini ya chumbani, akaangalia kitufe cha shavuni kama kimekaa sawa. Herufi zikaanza kupita. Zikapita zote, zikarudi mwanzo, zikapita tena. "Kesho tunakwenda kusafisha kifua," alisema, na ni ajabu kumdanganya mtu uongo ambao tayari ameusoma. Aliketi ukingoni mwa kitanda akaongea mengi. Alisema anampenda. Alisema hawezi. Alisema amtukane basi, aandike tusi lolote analolijua. Herufi ziliendelea kupita.

Alhamisi shemeji alikuja na gari, amevaa suti kama mwenye harusi. Hospitalini daktari alikuwa mtu mwangalifu, akainama karibu na kitanda akasema, "Ndugu yangu, kama unakubali tufanye hili, fumba macho." Fundi aliyafumba. Akakaa hivyo hivyo, hakuyafumbua. Daktari alisubiri kidogo, akamtazama Kurasa, naye Kurasa akatazama sakafu.

"Si umeona mwenyewe?" shemeji akasema. "Amekubali."

Bomba liliingia vizuri. Kila mtu alisifu kazi. Rangi ya Fundi ikarudi, midomo ikaacha kuwa ya bluu, na ndani ya nyumba ikahamia sauti ya mashine inayovuta na kushusha, inayovuta na kushusha, mpaka ukiwa dukani ukaisikia. Kurasa alipata alichotaka: macho yale yalikuwepo kila akirudi kazini. Hayakumfuata tena, lakini yalikuwepo.

Na Fundi hakuandika. Mwanzoni walidhani ni uchovu wa upasuaji. Kisha wakadhani ugonjwa umefika shavuni, wakamwita mtaalamu, akapima misuli, akasema shavu ni zima, lina nguvu ya kutosha kwa miaka. Kurasa mwenyewe aliliona likikunjamana mama mkwe alipompangusa kwa maji ya baridi. Kila asubuhi aliliamuru dirisha lifunguke chumbani, sasa akiitaja skrini kwa jina lake ili kusiwe na makosa, na kila jioni alilikuta tupu. Shemeji alipiga simu mara kwa mara, baadaye mara moja moja. Alisema zile siku mbili zimerefuka kidogo.

Kurasa alijitafutia dawa yake. Alijiambia kwamba siku ile Fundi alikuwa akiandika laana. Alimtungia maneno yenyewe, makali, ya kumtoa mtu nyumbani kwake, akayabeba kila aendako, na kwa namna fulani yalimsaidia. Mtu aliyelaaniwa ana deni linalojulikana. Anaweza kuinamisha kichwa, akapika, akafua, akageuza mgonjwa asipate vidonda, akaona analipa.

Siku moja walikuwa wakibadilisha shuka, yeye na mama mkwe, kila mmoja upande wake wa kitanda, Fundi katikati akiwa amelazwa ubavu. Kurasa akauliza jambo ambalo hajawahi kuuliza.

"Mama, siku ile. Aliandika nini kabla hujachomoa?"

Mama mkwe aliendelea kuchomeka pindo la shuka chini ya godoro. "Si nilikuambia mimi mambo yenu napita mbali."

"Ulikuwa umesimama mbele ya skrini, mama."

Yule mama akanyooka. Alikuwa amezeeka sana tangu Alhamisi ile, na alimtazama mkwewe bila chuki, kama unavyomtazama mtu mliyeiba naye. "Aliandika, 'Mke wangu mpenzi,'" akasema. "Akaweka mkato. Alikuwa anatafuta herufi inayofuata. Mimi nikachomoa."

Mashine ilivuta, ikashusha. Kurasa alibaki ameshika mto. Akikasirika, Fundi alikuwa akimwita bibi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na karani. Mbele ya watu alimwita Kurasa. Mke wangu mpenzi lilikuwa la wao wawili tu, na hakuwahi kulitumia vibaya. Kwa hiyo haikuwa laana. Huenda ilikuwa kuaga, huenda ilikuwa kusamehe, huenda alikuwa anataka kumkumbusha ahadi kwa upole wote aliobakiwa nao. Chochote kilichokuwa, kilikuwa kinakuja kwake, herufi kwa herufi, na yeye ndiye aliyeagiza kikatwe.

Aliuweka mto chini, akazunguka kitanda, akapiga magoti mahali ambapo macho ya Fundi hayakuwa na budi kumwona.

"Ulitaka kuniambia nini?" akauliza.

Fundi alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira. Nyuma ya Kurasa herufi zilikuwa zinapita kwenye skrini, zinafika mwisho, zinaanza upya. Kurasa aliliangalia lile shavu. Halikusogea.